Asili ya Picha Isifutwe

MIEZI michache iliyopita gazeti hili lilikusudia kuchapa makala juu ya michoro ya miambani ya Kondoa, mkoani Dodoma, na kama ilivyo desturi tuliomba picha kutoka afisi moja ya umma iliyoko huko Makao Makuu. Picha zilikuja, tena upesi, na kwa hilo tunashukuru. Zilikuwa tatu, zote za mchoro mmoja: watu warefu, wembamba, wenye vichwa vilivyotuna kama waliovaa vilemba. Lakini katika picha ya kwanza watu wale walikuwa wekundu kama damu ya kuku. Katika ya pili walikuwa na rangi ya chungwa bivu. Na katika ya tatu walikuwa kahawia iliyofifia, hata jicho hutofautisha kwa taabu mchoro na jiwe. Tukauliza: ipi katika hizi ndiyo rangi ya mchoro wenyewe? Ndugu aliyepokea simu, kijana muungwana na msema kweli, akatujibu kwamba hajui. Mchoro ule ulipigwa picha siku moja, na mtu mmoja, kwa kamera moja. Kisha kila aliyehitaji picha kwa ajili ya kalenda, kipeperushi au maonyesho aliirekebisha kwa kompyuta apendavyo, akahifadhi kazi yake juu ya ile ile aliyoikuta. Na zile zilizotoka katika kamera? Zilifutwa, akasema, ili kupata nafasi katika diski.

Hatuitaji afisi ile, wala hatukusudii kumvunjia mtu heshima, kwa kuwa hatuna shaka kwamba tungalipiga simu katika afisi nyingi nyingine, za Bara na za Visiwani, jibu lingalikuwa hilo hilo. Sisi wenyewe hatumo nje ya lawama. Katika kompyuta za chumba chetu cha habari zimo picha nyingi tulizozichapa kwa fahari ambazo leo tukitakiwa kuonyesha asili yake tutatazamana. Kwa hiyo haya tunayoyaandika tunajiambia na nafsi zetu.

Zamani jambo hili lilikuwa gumu kutokea, si kwa sababu watu wa zamani walikuwa waangalifu kutushinda, bali kwa sababu ya negativu. Mpigapicha alipiga, akaingia chumba cha kiza, akasafisha filamu, na kutoka katika filamu hiyo akatoa picha juu ya karatasi. Karatasi aliweza kuitia kiza au kuitia nuru, akaikata pembeni, akamkuza mgeni wa heshima na kumwacha nje asiyetakiwa. Akikosea, aliichana karatasi akaanza upya. Filamu yenyewe ilirudi katika bahasha yake, ikaandikwa tarehe, ikawekwa. Kila mtu katika nchi hii anaijua picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, Aprili 1964. Picha hiyo imechapwa nyeusi mno na imechapwa hafifu, imekatwa, imepakwa rangi na wachora mabango, imetiwa katika vitabu vya skuli kwa wino mbaya. Hapana katika hao aliyeidhuru, kwa maana kila aliyekuwa akiharibu alikuwa akiharibu nakala.

Kamera ya leo haina filamu, lakini inacho kitu kinachosimama mahali pa negativu, na la ajabu ni kwamba wengi wanaoishika kamera kila siku hawajapata kukitazama. Nyuma ya lenzi kuna kibamba chenye vijicho mamilioni. Kila kijicho kimefunikwa na kichujio cha rangi moja, ama nyekundu, ama kijani, ama buluu, na vya kijani ni mara mbili ya vile vya rangi nyingine. Kazi ya kijicho ni kupima mwanga uliokifikia na kuutoa kwa hesabu. Hesabu hizo, kabla hazijapikwa, ndizo faili ghafi la picha. Kamera nyingi za kazi hupima kwa ngazi 4,096 au 16,384. Lakini mpigapicha asipoiamuru vinginevyo, kamera huzipika hesabu hizo yenyewe pale pale: huamua weupe uwe upi, hukoleza rangi, hunoa kingo, kisha hukibana chote kilichobaki katika picha ya aina ya JPEG yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, na mengine huyatupa. Mwenye kupewa JPEG peke yake amepewa wali uliokwisha kuungwa kwa nazi na chumvi. Atakula, na pengine atasifu, lakini hawezi kuurudisha kuwa mchele akaupika biriani.

Kwa picha ya harusi au ya ufunguzi wa kisima hasara hiyo si kubwa. Kwa mwamba wa Kolo ni kubwa sana. Michoro ile imo chini ya vichanja vya miamba, mahali pa kivuli, ambapo mwanga mwingi hautoki katika jua lenyewe bali katika anga la buluu lililo mbele. Jicho la binadamu huzoea, kamera hukisia. Ikikisia vibaya, ngeu nyekundu iliyopakwa juu ya jiwe lenye wekundu wake wa asili huchafuka, na tofauti baina ya wekundu mmoja na mwingine hupotea. Na tofauti hiyo ndiyo elimu yenyewe, kwa kuwa mara nyingi mchoro umechorwa juu ya mchoro, na mtafiti huuliza upi ulitangulia. Michoro myekundu wataalamu huihusisha na wawindaji na wakusanyaji wa kale, na hutazama kwa Wasandawe na Wahadzabe wa leo kutafuta maana yake. Ile myeupe, iliyokuja baadaye, huhusishwa na wakulima wa Kibantu. Afisi ikikoleza wekundu ili kalenda ipendeze imefuta mstari baina ya zama na zama, na haikujua kwamba imefanya hivyo.

Tukumbushane kidogo habari za mahali penyewe, maana wako viongozi wanaopita barabara ya Dodoma kwenda Babati kila mwezi, wakaliona bango la Kolo pale kaskazini ya mji wa Kondoa, na hawajapata kusimamisha gari. Eneo hilo, katika miteremko ya mashariki ya genge la Bonde la Ufa, lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walikaa huko wakinakili michoro kwa mkono, karatasi angavu juu ya jiwe na kalamu juu ya karatasi, na kazi hiyo ilitoka kuwa kitabu mwaka 1983, ambacho jina lake la Kiingereza linasema waziwazi kwamba ni sanaa ya Afrika inayotoweka. Mwaka 2006 UNESCO iliyatia maeneo ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia: kilomita za mraba 2,336, zenye mapango na vichanja ambavyo idadi yake hukisiwa kati ya 150 na 450. Humo wamo twiga, tembo na pofu, na watu wale wembamba tuliowataja. Wala si mahali pa wafu tu. Katika Mungumi wa Kolo wenyeji wangali wakienda kuomba mvua na kuagua wagonjwa, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya dunia ipatie heshima.

Michoro hiyo inafifia. Jua, mvua, vumbi, wadudu na moshi hufanya kazi yao bila haraka. Binadamu ana haraka zaidi. Wamechimba mashimo chini ya miamba wakitafuta mali inayosemwa kuwa Wajerumani waliizika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wameandika majina yao. Na wako waliofanya ubaya kwa nia njema, nao ni wapiga picha. Kwa miaka mingi, hapa na kwingineko barani Afrika, ilikuwa mazoea kuumwagia mwamba maji ili rangi iamke mbele ya kamera. Rangi huamka kweli, kwa dakika chache. Kisha maji yakikauka huzivuta chumvi za jiwe hadi juu, na utando mweupe hubaki pale palipokuwa na pofu. Aliyepata picha nzuri aliondoka nayo, na aliyefuata akakuta mchoro umepungua.

Siku hizi hapana haja ya tone la maji. Mwaka 2005 Mmarekani mmoja, Jon Harman, alitengeneza chombo cha kompyuta kiitwacho DStretch, kilichotoa ufundi wake katika njia ya kutanua tofauti za rangi iliyobuniwa kwa ajili ya picha za NASA. Chombo hicho hufanya kazi ndani ya ImageJ, programu iliyoandikwa katika taasisi ya afya ya serikali ya Marekani na kuachiwa watu wote. Mchoro ambao jicho halioni ila doa, kompyuta huutoa na miguu yake yote minne. Lakini chombo hiki hakina huruma: ukikilisha JPEG iliyobanwa na kurekebishwa mara tatu, kitatanua na kasoro za kubanwa, nawe utaona miraba ambayo hakuna mzee wa Kisandawe aliyeichora. Kinataka asili.

Hapa ndipo tunapofikia jambo lililotufanya tushike kalamu. Ziko programu za kusafishia picha ghafi ambazo kwa maumbile yake haziwezi kuiharibu asili, na programu hizo hazidai hata senti moja. Mbili zinajulikana kupita nyingine. Moja ni RawTherapee, iliyoanzwa mwaka 2004 na Gábor Horváth wa Hungaria na kufanywa huria Januari 2010. Nyingine ni darktable, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, kazi iliyoanzishwa na Mjerumani Johannes Hanika na kuendelezwa na watu wa nchi nyingi wanaojitolea. Jina hilo la pili ni la mzaha wa wapiga picha: limeunganisha chumba cha kiza cha kusafishia na meza ya mwanga ya kuchagulia filamu, na ndani ya programu vyumba viwili hivyo vimo kwa majina yao. Mzee aliyefanya kazi katika studio ya Darajani miaka ya 1970 akiketi mbele yake atajikuta nyumbani kwa namna ambayo kijana wa simu hatajikuta.

Utaratibu wake ni huu. Programu hulifungua faili ghafi kwa kulisoma tu. Kila analolifanya mtu, awe ameongeza nuru, amepunguza wekundu, amenyoosha upeo au amekata pembe, huandikwa kama agizo katika faili jingine dogo linalokaa kando, lenye uzito wa kilobaiti chache. Darktable huliandika kwa mtindo wa XMP, RawTherapee kwa mtindo wake wa PP3. Yote mawili ni maandishi ambayo hata programu ya kawaida ya kuandikia huyafungua. Picha ya kutumwa kwa mchapaji hutolewa mpya kwa kufuata maagizo hayo, na faili ghafi hubaki kama lilivyotoka Kolo. Watu watatu wakitaka kalenda, kipeperushi na maonyesho, watakuwa na maagizo matatu na asili moja. Na mtu akiuliza, kama tulivyouliza sisi, wekundu huu umetoka wapi, jibu limo katika faili la kando, hatua kwa hatua. Kwa serikali hilo si jambo dogo. Ni sawa na jalada lenye dokezo za kila afisa aliyelishika.

Yafaa tueleze pia maana ya huria, kwa sababu watu huichanganya na bure. Programu ya bure yaweza kesho kudaiwa bei. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi, na kila mtu ameruhusiwa kwa sheria kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kumpa jirani. Fikra hiyo aliitangaza Richard Stallman huko Marekani mwaka 1983, na leseni iliyotokana nayo ndiyo inayozilinda hizi mbili. Katika habari za picha ghafi uwazi huo una faida ya peke yake. Watengenezaji wa kamera, kila mmoja kwa siri yake, huandika mafaili ghafi kwa namna zao na wengi wao hawatangazi ufunguo. Mwaka 1997 Mmarekani mmoja, Dave Coffin, alianza kuzifumbua siri hizo kamera moja baada ya moja, akaziweka katika programu ndogo iitwayo dcraw, na programu nyingi zilizofuata zilichota katika kisima hicho. Maana yake kwetu ni kwamba faili la mwaka huu litaweza kufunguliwa miaka 30 ijayo hata kama kampuni ya kamera imefilisika, kwa sababu ufunguo umo mikononi mwa umma.

Na tuseme lisilosemwa katika mikutano. Katika afisi nyingi programu za kurekebishia picha ni za wizi. Mtu amekuja na kidude cha kuhifadhia mfukoni, ameitia katika kompyuta ya umma programu iliyovunjwa kufuli, na pamoja nayo ameingiza virusi asivyovijua. Programu mashuhuri za kazi hii siku hizi nyingi hukodishwa kwa mwezi, kwa dola, na afisi ya wilaya haina kifungu cha dola katika makadirio yake. Basi mtumishi hulazimika kuchagua baina ya kuiba na kukaa. Nchi yenye COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar, vyombo vilivyowekwa kulinda jasho la wasanii, haipendezi iwe inachapa kalenda zake kwa chombo cha kuibwa, na hali chombo halali kipo na hakina bei.

Mtu wa Visiwani atauliza: hayo ni ya Kondoa, sisi yanatuhusu nini? Swali ni la haki, na jibu si lile la hotuba, kwamba urithi wa mmoja ni wa wote. Jibu ni Beit al-Ajaib. Jumba lile alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 liliporomoka upande mmoja siku ya 25 Desemba 2020, na roho za watu zikapotea. Fundi anayetakiwa kurudisha nguzo na roshani mahali pake hutegemea vipimo, na pasipo na vipimo hutegemea picha. Tunajua kwamba zamani mnara ulisimama mbali mbele ya jumba, ukavunjwa na mizinga ya Waingereza 27 Agosti 1896, na kwamba huu wa saa uliounganishwa na jumba ulikuja baadaye. Tunajua umbo la ule wa kwanza kwa sababu wapo waliopiga picha juu ya vioo, na picha zao zikahifadhiwa. Mji huu umelelewa na wapiga picha: watu wa akina Gomes na Coutinho, kisha Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Waliotutangulia walituachia kioo na filamu. Picha tunazopiga sisi za milango, za barza, za kuta zinazopasuka Malindi na Shangani, tunaziacha katika simu, zimebanwa, zimepitishwa katika mitandao inayozibana tena, na faili la asili limefutwa ili kupisha video za arusi.

Tena wako wabunge wetu kutoka Zanzibar wanaoketi Dodoma. Taasisi za Muungano ziko huko, na Mamlaka ya Serikali Mtandao iko huko. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina vijana wa kompyuta na wa elimu ya mambo ya kale katika uwanja mmoja. Likianzwa jambo jema katika uwanda ule wa kati, kwa michoro ya Kondoa, halitashindwa kuvuka bahari kuja Mji Mkongwe. Na likianzwa hapa likapelekwa kule, pia tutafurahi, pengine zaidi.

Hatutaki tudhaniwe kuwa tunauza dawa ya kila ugonjwa. Ziko hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni nzito. Faili ghafi ni zito: kwa kamera ya kawaida ya kazi, moja huchukua kati ya megabaiti 25 na 50, mara nyingi ya JPEG yake. Picha elfu moja za Kolo zitajaza hata gigabaiti 50, na diski moja haitoshi, kwa kuwa diski hufa. Zatakiwa mbili, katika majengo mawili. Fedha ambazo hazikutumika kununua programu zitumike huko. Programu zenyewe si nyepesi kujifunza. Tuliijaribu darktable katika chumba chetu cha habari, na siku ya kwanza vijana waliitukana: vitufe ni vingi, majina ni ya wataalamu wa nuru, na kompyuta yetu ya zamani ilihema kama punda wa gari kwenye mlima. Hapana kampuni ya kupigiwa simu ikigoma. Na mtu akiitumia vibaya, itampa picha mbaya kwa uaminifu kamili. Lakini baada ya majuma mawili mmoja wa vijana hao aliifungua picha ya mkutano wa hadhara aliyokuwa ameitia kiza kupita kiasi, akafuta maagizo yake yote kwa mguso mmoja, na ile ya mwanzo ikarudi nzima. Tangu siku hiyo matusi yalipungua.

Kuhusu lugha, wako watakaosema vitu hivi ni vya Wazungu na vitabaki hivyo. Tunawakumbusha kwamba mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux uliigeuza programu huria ya afisi ya OpenOffice ikasema Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Liliwezekana kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Hakuna aliyehitaji kupiga goti mbele ya kampuni kuomba ruhusa. Kama lilifanyika mwaka 2004 kwa barua na hesabu, sijui ni nani awezaye kutuambia kwamba haliwezekani kwa picha. BAKIZA na BAKITA wana kazi hapo, na wapigapicha wakongwe wenye msamiati wao wa kusafisha na kutoa picha waitwe wasikilizwe kabla hawajaondoka nao.

Sasa tuseme tunalolitaka, na tunalisema kwa wenye mamlaka ya kutia saini.

Kwanza, mikataba. Afisi ya umma inapomlipa mpigapicha, iwe kwa michoro, kwa majengo ya kale au kwa ziara za viongozi, mkataba useme kwamba kinachokabidhiwa ni faili ghafi pamoja na faili la maagizo, na JPEG iwe nyongeza. Leo serikali hulipa kwa mchele ikapokea wali. Sharti hili halihitaji sheria mpya wala kikao cha siku tatu. Lahitaji sentensi moja.

Sharti hilo hilo liwekwe katika vibali vya watafiti. Hatuna kinyongo na wageni, na kwa jambo hili wametutangulia kwa heri. Shirika la TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na David Coulson, limepiga picha michoro ya miambani karibu bara zima, na kuanzia mwaka 2013 picha zake kiasi cha 25,000 ziliingizwa katika hazina ya British Museum, ambako zimeorodheshwa vizuri na kila mtu anaweza kuziona. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mwanafunzi wa Kondoa anayetaka kuiona michoro ya kilima kilicho nyuma ya skuli yake huelekezwa London, na hilo lapaswa kutuuma kidogo. Atakayepewa ruhusa ya kupiga picha ya urithi wa nchi aache nakala kamili ya asili nchini, siku ile ile, kabla hajapanda ndege. Na kila mchoro upigwe na kadi ya rangi kando yake. Kadi hiyo bei yake si kubwa, na darktable huweza kuisoma na kuirudisha rangi ya ngeu mahali pake badala ya kuiacha kwa kisio la kamera.

Halafu kuna watu. Maofisa habari wa wizara na mikoa hufundishwa kila mwaka, katika kumbi nzuri, namna ya kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Siku moja katika mafunzo hayo itengwe kwa hili: kuiamuru kamera ihifadhi ghafi, kuipa picha jina, tarehe na mahali, kuisafisha katika programu huria, kuweka asili katika diski mbili. Walimu wapo Dodoma na wapo Zanzibar. Tunaamini pia kwamba walinzi wa mapango ya Kolo, ambao huyaona kila siku na kuzijua nyufa zake kuliko mtaalamu yeyote apitaye, wakipewa kamera moja nzuri na kompyuta moja, kisha wakapiga mchoro ule ule kutoka mahali pale pale kila mwaka baada ya masika, nchi itakuwa na kitu ambacho Mary Leakey kwa bidii yake yote hakuweza kukipata: ushahidi wa namna mchoro unavyofifia, mwaka kwa mwaka, kwa kipimo.

Idara zinazosimamia mambo ya kale, za pande zote mbili, zinaweza kuanza na jambo dogo kuliko hayo yote, nalo ni waraka wa kukataza kufuta. Diski ikijaa, inunuliwe nyingine. Hatuna habari ya afisi iliyowahi kuchoma rejista ya ardhi kwa sababu kabati limejaa.

Ile makala ya Kondoa tuliichapa bila picha, na wasomaji wawili walituandikia kulalamika. Walikuwa na haki. Mpigapicha tunayemfahamu atakwenda Kolo mvua zikikatika, na tumekwisha kumwomba mambo matatu: asiulowanishe mwamba, aiamuru kamera ihifadhi ghafi, na atuletee pamoja na picha yale maagizo yake ya kuisafisha. Tutakapoichapa tutaeleza pembeni wekundu ule umepatikanaje, na nakala ya asili tutaipeleka kwa yule kijana wa afisi aliyetujibu kwa ukweli, pamoja na diski ya kuiwekea.